Kasri na Kanisa: Majengo Mawili ya Kijiji cha Poland na Watu Waliobaki na Ufunguo



Jioni hii nawaomba tuende kijijini, ila si kijiji cha kwetu. Ukitoka Warsaw au Kraków ukashika njia za ndani, utapita vijiji vingi vya Poland vyenye majengo mawili yanayoyazidi mengine yote kwa ukubwa. La kwanza ni kanisa. Aghalabu limesimama penye mwinuko, na makaburi ya wazee wa kijiji yamelizunguka. La pili ni kasri la bwana shamba, limejitenga ndani ya bustani yake, na ili ulifikie hupita njia iliyopandwa miti pande zote mbili.

Majengo hayo ni ndugu. Mara nyingi ukoo uliojenga kasri ndio uliojenga kanisa, au angalau uliolipia paa na altare yake. Magogo na matofali ya majengo yote mawili yalibebwa na wakulima wale wale. Leo, hata hivyo, hali zao hazifanani hata kidogo. Kanisa limeezekwa vizuri na Jumapili lina watu. Kasri huenda likawa shule, makumbusho au hoteli, lakini pia huenda likawa kuta tupu zilizootwa na miti sebuleni.

Kwa nini ndugu hawa wakatofautiana hivyo? Jibu linalotolewa haraka ni siasa: wakomunisti waliyachukua makasri wakayaacha makanisa. Ni kweli, lakini jibu hilo linaacha mengi bila maelezo. Halituelezi kwa nini yako makasri yaliyochukuliwa na serikali yakadumu, wala kwa nini yako makanisa ambayo hayakuguswa na sheria yoyote na bado yakaanguka. Hoja yangu ni kwamba jengo la kale hulindwa na watu waliozoea kuingia ndani yake kwa haki yao. Uzuri wa jengo, uimara wa mawe yake na hata sheria inayolilinda ni mambo yanayofuata nyuma. Nitaijaribu hoja hiyo kwa majengo yanayoiunga mkono, na pia kwa yale yanayoipa shida.

Mfuko mmoja, milango miwili

Tuanze na uchumi uliojenga majengo haya. Kuanzia karne ya 16 mabwana wa Poland walitajirika kwa nafaka. Iliteremshwa kwa majahazi katika mto Vistula hadi bandari ya Gdańsk, na kutoka hapo ikasafirishwa Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya Magharibi. Nafaka hiyo haikulimwa kwa mshahara. Mkulima alifungwa kwenye ardhi ya bwana. Hakuruhusiwa kuhama bila idhini, na kila juma alidaiwa siku kadhaa za shokoa, yeye pamoja na wanyama wake wa kulimia. Faida ya shokoa hiyo ndiyo iliyojenga kumbi zenye nguzo, vyumba vya vitabu na bustani tunazozistaajabia leo.

Kanisa nalo halikuwa nje ya mfumo huo. Bwana alikuwa na haki ya kumpendekeza padri kwa askofu. Alikuwa na kiti chake karibu na altare, na alipokufa alizikwa chini ya sakafu ya kanisa huku jina lake likichongwa ukutani. Mkulima aliyesimama nyuma aliona kila Jumapili nani ni nani. Kwa hiyo tusidhani kwamba kanisa lilikuwa nyumba ya usawa.

Na bado kulikuwa na tofauti moja kubwa. Wahenga wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kanisani mkulima alifungua akaingia. Alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, na jeneza la mama yake lilitolewa humo. Mlango mkuu ulikuwa wake sawasawa na ulivyokuwa wa bwana. Kasri aliliingia kwa mlango wa jikoni ikiwa ni mtumishi, na kama si mtumishi hakuingia kabisa. Alilijua paa lake kwa kulitazama kutoka shambani.

Tofauti hiyo ilijitokeza kwa damu mwezi Februari 1846. Wakati huo nchi ya Poland haikuwapo kwenye ramani, maana Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana mwishoni mwa karne ya 18. Katika Galicia, upande wa Austria, mabwana walikuwa wakipanga uasi wa kudai uhuru. Wakulima wa eneo la Tarnów, ambao walimwogopa bwana wao kuliko mfalme wa mbali, wakawageukia mabwana wenyewe. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Jakub Szela. Majumba zaidi ya 400 yalivamiwa na watu wapatao 1,000 wakauawa, huku maofisa wa Austria wakitazama pembeni. Mapadri nao hawakusalimika wote, lakini shabaha ya ghasia ilikuwa nyumba ya bwana. Shokoa ilifutwa Galicia miaka miwili baadaye, 1848. Upande wa Urusi ilisubiri hadi 1864. Wazee wenye kumbukumbu ya shokoa waliendelea kuishi katika vijiji hivyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu zao ndio waliokuwapo mwaka 1944. Nawaomba mshike jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Mti unaodai watu

Kusini mwa Poland, chini ya milima ya Carpathia, mawe na matofali yalikuwa ghali lakini misitu ilijaa. Huko ndiko yaliko makanisa ya mbao ambayo mwaka 2003 UNESCO iliyaingiza sita kati yake katika Orodha ya Urithi wa Dunia: Binarowa, Blizne, Dębno, Haczów, Lipnica Murowana na Sękowa. La Haczów ni miongoni mwa makanisa makubwa na ya kale zaidi ya mbao yenye mtindo wa Gothiki barani Ulaya.

Mafundi walilaza magogo yaliyochongwa bapa, moja juu ya jingine, na kuyafunga pembeni kwa kuyakata meno yaliyoingiliana. Walipenda mti wa modrzew, aina ya msonobari inayopukutisha majani yake wakati wa baridi na ambayo utomvu wake huchelewesha kuoza. Paa lilikuwa na mteremko mkali ili theluji isikae, na liliezekwa kwa vigae vyembamba vya mbao. Katika makanisa ya Sękowa na Lipnica Murowana paa hilo hushuka chini sana na kutengeneza baraza linalolizunguka jengo. Baraza hilo lilikinga kuta na mvua. Pia liliwahifadhi waumini waliotoka vijiji vya mbali wakafika Jumamosi jioni, wakasubiri misa ya kesho yake.

Dębno ni kijiji kidogo karibu na milima ya Tatra, na kanisa lake la Malaika Mkuu Mikaeli lilijengwa mwishoni mwa karne ya 15. Kwa nje ni dogo na jeusi. Ndani, dari na kuta zimejaa mapambo ya takriban mwaka 1500, yaliyopakwa kwa kutumia vibao vilivyokatwa maumbo. Wataalamu wamehesabu mapambo 77 ya aina tofauti: maua, nyota, wanyama, wawindaji. Rangi hizo zimekaa miaka mia tano katika jengo la mbao lililokuwa likiwashwa mishumaa kila juma.

Limewezaje? Mbao ikiachwa haivumilii. Anayeijua nyumba ya makuti analielewa hili bila kuelezwa: paa la vigae vya mbao huchakaa, na kila kizazi hulazimika kuezeka upya. Gogo la chini likinyonya maji hulazimika kutolewa na jingine kuingizwa. Kwa hiyo kanisa la mbao lenye umri wa miaka mia tano ni kanisa ambalo watu hawakuliacha kwa miaka mia tano. Hilo ndilo jambo ambalo jiwe hutuficha. Jiwe linaweza kusimama miaka hamsini likipuuzwa, na mpita njia asijue kwamba limepuuzwa.

Sękowa ilijaribiwa vikali. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mstari wa mapigano kati ya Urusi na Austria ulipita hapo mwaka 1914 na 1915. Wanajeshi walibomoa sehemu za kanisa, wakachukua mbao zake kwa mahandaki na kwa kuni. Vita ilipopita, kanisa lilijengwa tena. Moto nao haukomi. Kanisa la Libusza, kijiji cha jirani, liliungua mwaka 1986, likajengwa upya, na mwaka 2016 likaungua tena. Komańcza, upande wa mashariki, kanisa la Waorthodoksi liliteketea Septemba 2006, na leo lipo tena mahali pale pale. Hakuna aliyeuliza kama inafaa kujenga. Waliuliza magogo yatapatikana wapi.

Septemba 1944

Sasa turudi kwa wajukuu. Tarehe 6 Septemba 1944 vita haijaisha bado. Magharibi ya nchi ingali mikononi mwa Wajerumani, na mashariki kumeundwa, kwa mkono wa Umoja wa Kisovyeti, Kamati ya Ukombozi wa Taifa. Kamati hiyo ikatoa amri ya mageuzi ya ardhi. Kila shamba lenye zaidi ya hekta 50 za kulima lilitwaliwa bila fidia. Katika majimbo ya magharibi kiwango kilikuwa hekta 100 kwa jumla. Mwenye shamba aliamriwa aondoke katika wilaya yake. Nyumba haikuwa shamba, lakini ilikwenda pamoja na shamba.

Simulizi za siku hizo zinafanana kutoka kijiji hadi kijiji. Ukoo uliondoka na mizigo michache. Viti, vioo, vitabu na vyungu vilitawanyika, vingine mikononi mwa askari na vingine katika nyumba za wanakijiji. Ni rahisi kuwalaumu wanakijiji hao, na wengi wamelaumiwa. Lakini mjukuu wa mtu wa shokoa aliingia sebuleni humo kwa mara ya kwanza katika maisha yake siku ile ile alipoambiwa kwamba kasri halina mwenyewe. Angelijuaje kuwa ni lake la kulitunza?

Mwaka 1949 yakaundwa Mashamba ya Serikali, yaliyojulikana kwa herufi PGR. Mengi yalipewa kasri kuwa ofisi, ghala au makazi ya wafanyakazi. Kumbi ziligawanywa kwa kuta nyembamba. Meneja alipimwa kwa tani za nafaka na idadi ya ng'ombe, na hakuna aliyempima kwa hali ya paa. Vigae vilipovuja, aliyelala chini yake alihamia chumba kingine.

Linganisheni na kanisa. Sheria ya Machi 1950 ilitwaa mashamba makubwa ya Kanisa pia, kwa hiyo si kweli kwamba serikali iliiacha mali yake yote. Lakini majengo ya ibada yalibaki, na serikali ililijua hilo vizuri: kuchukua ufunguo wa kanisa la kijiji kulimaanisha kugombana na kijiji kizima, kuanzia bibi wa miaka themanini hadi mtoto wa komunyo ya kwanza. Kuchukua ufunguo wa kasri kulimaanisha kugombana na ukoo mmoja, ambao tayari ulikuwa umefukuzwa.

Hata hivyo si makasri yote yaliyoanguka, na hapa ndipo hoja ya siasa inaposhindwa. Bonde la Jelenia Góra, chini ya milima ya Karkonosze, lina makasri yapatayo thelathini yaliyokaribiana. Katika karne ya 19 eneo hilo lilikuwa la Prussia, na familia ya kifalme ilikuja kupumzika huko. Kijiji cha Mysłakowice kilikuwa na kasri la mfalme Friedrich Wilhelm III mwenyewe. Baada ya 1945 kasri hilo likawa shule. Watoto wa kijiji wamejifunza kusoma katika vyumba vya mfalme, wazazi wao wameitwa huko kwa mikutano, na paa lake likivuja wapo watu mia kadhaa wenye sababu ya kupiga kelele. Limesimama hadi leo.

Mashariki zaidi, katika jimbo la Opole, kiko kijiji cha Moszna chenye kasri ambalo wenyeji hulisifu kwa minara 99 na vyumba 365. Lilikuwa la familia ya von Tiele-Winckler, matajiri wa viwanda na migodi, na baada ya moto wa 1896 lilijengwa upya na kupanuliwa. Katika miaka ya 1970 likageuzwa hospitali ya wagonjwa wa maradhi ya neva, na likaendelea hivyo hadi 2013, hospitali ilipohamia jengo jipya hapo hapo kijijini. Wauguzi, wapishi na watunza bustani walitoka vijiji vya jirani. Nalo limesimama.

Sasa mtazame Kopice, katika jimbo hilo hilo. Hadithi ya kasri lake ingetosha kuwa riwaya. Karol Godula, tajiri wa zinki asiye na mke wala mtoto, alifariki 1848 akamrithisha utajiri wake Joanna Gryzik, binti wa watu maskini mwenye umri wa miaka sita tu. Joanna alipokua aliolewa na Hans Ulrich Schaffgotsch, wa ukoo wa kale wenye cheo. Kasri la Kopice likawa makao yao, likapanuliwa katikati ya maziwa na bustani. Huyu alikuwa binti wa maskini, na kama hisia peke yake ingeweza kulinda jengo, lake lingelindwa. Lakini baada ya vita halikupata kazi ya kudumu. Si shule wala hospitali. Katika miaka ya 1950 likaungua, na tangu hapo limekuwa gofu. Serikali iliyolitwaa Kopice ndiyo iliyozitwaa Moszna na Mysłakowice. Kilichotofautiana ni idadi ya watu waliokuwa na shughuli humo kesho yake asubuhi.

Watu wakiondolewa

Msikilizaji makini atasema: basi unachotueleza ni nguvu ya dini. Kanisa limedumu kwa sababu Wapoland ni Wakatoliki, basi. Pingamizi hilo ni zito, na njia ya kulipima ni kutazama makanisa yaliyopoteza watu wake.

Mwaka 1945 mipaka ilisogezwa. Silesia ya Chini, iliyokuwa ya Ujerumani, ikawa ya Poland. Wajerumani walifukuzwa, na mahali pao wakaja Wapoland, wengi wao wakitoka vijiji vya mashariki vilivyochukuliwa na Umoja wa Kisovyeti. Wageni hao walikuwa Wakatoliki, na makanisa mengi waliyoyakuta yalikuwa ya Kiprotestanti. Katika kijiji cha Żeliszów, karibu na mji wa Bolesławiec, lipo kanisa la umbo la yai lililojengwa 1796 na 1797, lenye roshani za ghorofa zinazozunguka ukumbi wote. Msanifu wake ni Carl Gotthard Langhans, yule yule aliyebuni Lango la Brandenburg la Berlin. Hakuna aliyelibomoa. Wanakijiji wapya walikuwa na kanisa jingine la Kikatoliki, kwa hiyo hili halikuwa na wa kulifungua. Paa likaingia mvua, roshani zikaoza, na kwa miongo mingi jengo la msanifu mashuhuri lilikuwa kichaka cha ndege. Lilianza kufufuliwa katika muongo wa 2010, kikundi cha kujitolea kilipolichukua na kuanza kufanya humo matamasha. Utakatifu haukuliokoa. Dini peke yake, basi, si jibu.

Upande wa pili wa nchi, katika Carpathia, waliishi Walemko, Wakristo wa ibada ya Mashariki, baadhi yao Waorthodoksi na wengine wakiwa chini ya Papa. Makanisa yao ya mbao yana kuba tatu na ukuta wa picha takatifu mbele ya altare. Mwaka 1947, katika operesheni iliyopewa jina la mto Vistula, serikali iliwaondoa kwa nguvu Walemko na Waukraine wapatao 140,000, ikawatawanya katika nchi zilizokuwa za Wajerumani. Vijiji vizima vilibaki tupu. Makanisa yaliyobaki bila watu yakawa maghala au mazizi, na mengi yalioza yakatoweka. Yaliyosalimika kwa sehemu kubwa ni yale ambayo wakaaji wapya, Wakatoliki wa ibada ya Kirumi, waliyafanya ya kwao wakasali humo. Mwaka 2013 UNESCO iliyaorodhesha makanisa 16 ya aina hiyo, manane Poland na manane Ukraine. Ukiingia leo katika kanisa la Kwiatoń unakuta misa ya Kirumi mbele ya picha zilizochorwa kwa ibada nyingine.

Jambo hilo lina uchungu wake, na sitaki kulipamba. Aliyebaki na ufunguo alibaki nao kwa sababu mwenziwe alitolewa kwa bunduki. Lakini katika kijiji cha Owczary, kanisa la mwaka 1653 linatumiwa kwa makubaliano na pande zote mbili, Wakatoliki wa ibada ya Kirumi na wale wa ibada ya Mashariki waliorudi. Jengo limekubali kuwa na wenyewe wawili, nao wamekubaliana nani ataingia saa ngapi.

Kuna hata kanisa lililohama lenyewe kutafuta watu. Mnamo 1841 kijiji cha Vang nchini Norway kilihitaji kanisa kubwa zaidi, kikaliuza la zamani, jengo la mbao la Zama za Kati. Mchoraji Johan Christian Dahl aliomba msaada lisiangamie, na mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, akalinunua. Lilifunguliwa gogo kwa gogo likapelekwa Berlin. Hapo Bibi Friederike von Reden, mwenye kasri la Bukowiec katika bonde lile la Jelenia Góra, akamwambia mfalme kwamba mlimani juu ya bonde wapo watu wasio na kanisa. Mwaka 1844 likawekwa wakfu mahali panapoitwa leo Karpacz. Wenye nalo walikuwa wamelichoka, na bibi wa kasri aliwapatia wengine waliolihitaji. Waprotestanti wa Karpacz wanasali humo mpaka sasa.

Rogalin na njia ya kurudi

Je, kasri linaweza kupata watu wa namna hiyo? Rogalin, kijiji kilicho karibu na Poznań, inajibu kwamba linaweza. Ukoo wa Raczyński ulianza kujenga huko katika karne ya 18. Kando ya kasri, kwenye malisho ya mto Warta, imesimama mialoni ya karne nyingi, na mitatu iliyo maarufu zaidi imepewa majina ya ndugu wa hadithi ya asili ya mataifa ya Kislavi: Lech, Czech na Rus. Mwaka 1820 lilikamilika kanisa dogo lililofuata umbo la hekalu la Kirumi lililoko Nîmes, Ufaransa, na chini yake kaburi la ukoo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Edward Aleksander Raczyński alijenga jumba la picha ambalo watu wa nje waliweza kuingia. Humo imetundikwa picha ya Jan Matejko ya Jeanne d'Arc, yenye urefu wa karibu mita 10. Kwa hiyo hata kabla ya vita, Rogalin ilikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa kwa wasio wa ukoo. Baada ya vita ikawa tawi la Makumbusho ya Taifa ya Poznań.

Mwana wa Edward Aleksander, aliyeitwa Edward Bernard, alikuwa balozi wa Poland mjini London vita ilipoanza. Alibaki uhamishoni, na kuanzia 1979 hadi 1986 alikuwa Rais wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni. Ukomunisti ulipoanguka angeweza kudai nyumba. Badala yake, kwa njia ya wakfu wenye jina la ukoo wake, aliikabidhi Rogalin kwa taifa. Alifariki 1993 akiwa na miaka 101, akarudishwa kuzikwa chini ya lile kanisa dogo.

Si kila ukoo ungeweza kufanya hivyo, wala si haki kuutarajia. Poland haikupata sheria ya jumla ya kurudisha mali. Bunge lilipitisha moja, na Machi 2001 Rais Aleksander Kwaśniewski akaipinga kwa turufu. Waliotaka nyumba za babu zao mara nyingi walilazimika kuzinunua. Familia ya Popiel ilinunua tena kasri la Kurozwęki mwaka 1991. Mwaka huo huo mzao wa von Küster, Mjerumani, alishirikiana na wengine kuipata Łomnica katika bonde la Jelenia Góra, ikiwa karibu gofu. Leo ina nyumba ya wageni, mkahawa, duka la mkate na gulio la sikukuu. Mashamba ya Serikali yalivunjwa kwa sheria ya Oktoba 1991, na vijiji vingi vilibaki bila ajira. Hivyo kasri lililofufuliwa likawa, pamoja na mengine, mahali pa kupata mshahara.

Nami nina wasiwasi mmoja. Hoteli ya kifahari yenye geti na mlinzi hurekebisha paa, lakini humrudisha mwanakijiji pale alipokuwa babu yake, kwenye mlango wa jikoni. Pesa za wageni zikikauka, nani atalitetea kasri hilo? Łomnica, ambako jirani huingia kununua mkate, imejiwekea akiba ambayo haionekani kwenye hesabu za benki.

Tengeru na Nyabyeya

Historia hii ilitufikia hata sisi. Mwaka 1940 na 1941 wakuu wa Kisovyeti waliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati mamia ya maelfu ya watu wa mashariki ya Poland, wengi wao wanavijiji. Waliofunguliwa wakatoka kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu wakapelekwa Afrika Mashariki, hasa wanawake na watoto. Katika miezi hiyo aliyeongoza wizara ya mambo ya nje ya serikali yao iliyokuwa London alikuwa Edward Raczyński, yule wa Rogalin. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea watu wapatao 5,000. Wengine walipelekwa Uganda, Koja na Nyabyeya karibu na Masindi.

Walikuwa wamepoteza kila jengo. Huko Nyabyeya, katikati ya vita, walijijengea kanisa. Vita ilipokwisha wakatawanyika tena, Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Kanisa likabaki, na Wakatoliki wa Uganda wakalichukua kuwa lao. Linatumika hadi leo kwa sababu ile ile iliyoiokoa Kwiatoń. Safari hii mwenye nalo wa kwanza hakufukuzwa ili wa pili aingie.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, mhadhara huu haukusudii kumtukuza padri na kumshtaki bwana shamba. Bwana alileta wasanifu, vitabu na miti ya mbali, na Poland imepoteza mengi kwa kupoteza nyumba zake. Lakini alijijengea mwenyewe. Akawafungia nje watu waliobeba matofali, na siku aliyofukuzwa hapakuwa na mtu wa kusimama mlangoni. Hasara ya 1944 ilianza kuandaliwa karne kadhaa kabla, kila mara mkulima alipoonyeshwa mlango wa nyuma.

Wanaohifadhi majengo ya kale huuliza kwanza yana umri gani, yalichorwa na nani, yataorodheshwa daraja gani. Maswali hayo yana mahali pake. Ningependa yatanguliwe na jingine: Jumatatu asubuhi, nani kijijini ana kazi, somo, sala au mkate wa kununua ndani ya jengo hili? Kama jibu ni hakuna, fedha za ukarabati zitanunua miaka michache tu, na mpango wowote wa uhifadhi unapaswa kuanza kwa kutafuta watu hao kabla ya kutafuta fundi wa paa. Mysłakowice walipata watoto wa shule, Moszna wauguzi, Owczary jumuiya mbili zilizokuwa na kila sababu ya kugombana. Kopice bado wanatafuta.